Nani Mwenye Dhamana ya Kikapu Kilichoachwa Nje?

Katika maduka makubwa ya miji yetu, aghalabu mteja hukutana na matangazo mawili mlangoni. La kwanza humwamuru: "Acha mzigo wako hapa." La pili humwonya: "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote." Watu wengi huyasoma yote mawili, wakatii, wakaingia. Mimi hujiuliza kama matangazo hayo yanaweza kukaa mlango mmoja bila kugombana.

Jirani yangu, mama mjane, alizuiwa na mlinzi wa duka moja kuingia na kikapu chake, akakiweka kwenye rafu ya nje. Ndani yake mlikuwa na kitenge kipya na dawa zake za shinikizo la damu za mwezi mzima. Alipotoka, kikapu hakikuwapo. Alionyeshwa tangazo la pili, kisha akaambiwa kwamba hakuna aliyemlazimisha kuja kununua.

Hoja za mwenye duka si za kupuuzwa. Wezi wapo. Kopo moja la maziwa likiibwa, itampasa auze makopo mengi ndipo faida ifidie hasara hiyo. Tena duka ni lake, naye ana haki ya kuweka masharti.

Sheria yetu ya Mikataba, yenye chimbuko katika ile ya India ya mwaka 1872, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angeitunza ya kwake. Ugumu umo katika neno "kukabidhiwa." Mwenye duka atasema: sikupokea kitu, nilionyesha rafu tu. Huko Uingereza, katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1894, mhudumu wa mkahawa alichukua koti la mteja bila kuombwa, akalitundika, nalo likaibwa. Mahakama iliona kwamba mkahawa ulikwisha kuwa mtunzaji wa koti lile. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1949, hoteli moja ilishindwa kujikinga kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa kuwa mgeni alikwisha kupatana nao mapokezi kabla ya kuliona. Basi tangazo la mlangoni, linaloonekana mapema, huweza kuwa na nguvu zaidi kisheria. Lakini si kila kinachopita mahakamani hupita katika dhamiri.

Kwa maoni yangu, agizo na dhamana ni mapacha. Nikiwa mkuu wa shule, na baadaye katika chuo cha ualimu, tuliwaamuru watahiniwa waache mikoba yao barazani wakati wa mtihani. Agizo lilikuwa la haki, maana tulizuia udanganyifu. Lakini kila mara tulimweka mtu barazani kuilinda. Mwanafunzi hakuiacha kwa uzembe. Aliiacha kwa kututii. Anayemtenganisha mtu na mali yake kwa faida yake mwenyewe amejitwika ulinzi wake, apende asipende.

Tazama pia jinsi sharti hilo linavyogawa imani. Mteja, ambaye hajaiba kitu, anashukiwa. Kisha mteja huyohuyo anatakiwa awaamini wapita njia wote kwa mali yake. Duka halimwamini mtu mmoja aliye mbele ya macho yake, nalo linamtaka yeye auamini mji mzima!

Tena mzigo huu hauwaangukii watu wote sawasawa. Mwenye gari hufungia vitu vyake garini, akaingia mikono mitupu. Anayetembea kwa miguu au kwa daladala hubeba siku yake yote kikapuni. Kumwambia aache vitu nyumbani ni kumwambia asipitie hospitali wala sokoni siku hiyo.

Dawa si ghali. Kijana mmoja nyuma ya meza na vibao vya namba viwiliviwili, kimoja kwa mteja na kimoja kwenye mzigo, vinatosha; wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mteja naye atimize wajibu wake: fedha na hati asiziache. Na duka lisiloweza kumlipa kijana huyo liwaruhusu watu waingie na vikapu vyao, livikague wakati wa kutoka.

Mwenye duka achague mojawapo ya matangazo yake. Akilibakiza la kwanza, ang'oe la pili.