Mlo Unaoingia Begini

Saa hii ya asubuhi, jikoni kwingi hapa Ngoliba, mtoto wa chekechea anafungiwa kile kile cha jana: chai kwenye chupa na mkate mweupe. Tumbo linajaa, lakini mwili unaokua unadai zaidi ya hapo.

Chakula bora hakiko mbali. Sokoni kuna ndengu, viazi vitamu, mchicha, mayai, paipai na maembe ya msimu. Leo funga githeri yenye karoti, kesho kiazi kitamu na yai, keshokutwa wali kwa ndengu. Ndengu zipike hadi mchuzi ukauke, zisimwagike begini. Yai limenye ukiwa nyumbani, na paipai ulikate vipande vidogo vinavyoshikika na vidole vya mtoto. Tunda hilo lina vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu.

Jambo dogo huweza kukua: kwa majirani zetu wa Ruiru, mwaka 2012, Wawira Njiru alianza kuwapikia watoto 25 wa shule. Leo shirika lake, Food4Education, linalisha mamia ya maelfu ya wanafunzi. Yeye alianza na watoto 25. Wewe unaanza na mkebe mmoja.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ya leo muulize mwanao angependa kubeba nini kesho, kisha mwandae chakula hicho pamoja.