Mjumbe na Barua Iliyofungwa

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Aghalabu twaitaja kauli hii kama haki ya mjumbe, tukasahau kwamba ni mapatano ya pande mbili. Mjumbe husalimika kwa kuwa amekubali kutokuwa na lake katika habari aliyoichukua: haongezi, hapunguzi, wala hachagui. Je, mapatano hayo yasimama hata vitani, ambapo karatasi moja yaweza kuwa amri ya kufagia ghala la kijiji alikozaliwa huyo aliyeibeba?

Swali hili si la kubuni. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Kilosa, na vita vikateremka kusini kupitia Ulaya (hii yetu, si ile ya ng'ambo, ingawa ugomvi wenyewe ulitoka huko) kuelekea Kidodi. Reli ya Kati, iliyofika Kilosa mwaka 1909, ilifuatana na waya wa simu. Lakini kikosi kilichoiacha reli kikaingia porini kilitegemea miguu ya mtu. Tarishi alikabidhiwa barua, akaibana katika ncha ya ufito uliopasuliwa, akashika njia. Pande zote mbili zilichukua wapagazi na vyakula vya wanavijiji. Kwa jirani zetu wa Ugogo, njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya.

Wako wasemao kwamba tarishi asiyejua kusoma hana hatia. Hoja hiyo haituridhishi, maana inaufanya ujinga kuwa ngao. Na aliyesoma je? Katika Vita vya Pili vya Dunia, barua za askari wetu waliopelekwa Burma zilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kufika nyumbani. Mkaguzi alijua yote. Mpokeaji alimwamini aliyemletea bahasha mkononi.

Sisi twaona hivi: anayejua kwamba barua ni ya dhuluma akatae kuipokea, mbele ya macho ya mtumaji, ayakubali yatakayompata. Akiisha kuipokea, asiitupe kichakani. Anayeitupa ameamua peke yake, kwa siri, nani ajue na nani asijue, na kesho ataitupa barua ya kuokoa watu. Twajua kwamba kwa mtu aliyechukuliwa kwa nguvu kukataa kulikuwa karibu na kufa. Ndiyo maana hatia ya yaliyomo twaiweka kwanza mlangoni pa mwenye kutia saini.

Kuhusu kuchelewa hatuna la kubishana. Tarehe 11 Novemba 1918 mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini Ufaransa. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, lililokwisha kupita Msumbiji, lilikuwa pande za Kasama, katika Zambia ya leo, bila habari. Lilipata kujua tarehe 13, lilipomkamata tarishi wa Kiingereza aliyepanda pikipiki. Silaha ziliwekwa chini Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25. Aliyepigwa risasi katika siku mbili zile aliuawa na vita visivyokuwapo tena.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 imeshika bunduki. Walimu wakiwapeleka wanafunzi kuitazama, wawaulize wangemchonga vipi yule mwenye ufito, na kama wangemchonga akiwa ameikunjua barua.