Tawakali na Sababu

Amma baad. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratuz-Zumar, aya ya 6, ya kwamba mtu huumbwa ndani ya giza tatu. Wafasiri wengi wamesema ndizo tumbo, mji wa uzazi, na ngozi imzungukayo mtoto, ambayo wakunga huiita chupa. Nayo ni ngozi mbili nyembamba zilizoshikamana, ndani yake mna maji. Maji humkinga mtoto na kishindo, na ngozi humzuilia maradhi yatokayo nje. Basi ikipasuka, pazia limeondoka. Na kadiri uchungu ukawiavyo, ndivyo hatari ya mama na mtoto izidivyo, khasa maji yakiwa ya kijani au yenye harufu mbaya.

Wako waume ambao chupa ya wake zao hupasuka usiku, nao husema: "Tutawakali, tungoje asubuhi." Je, hiyo ni tawakali? Aliye Muweza wa kumlinda mtoto pasipo sababu yoyote amemwekea ngozi na maji. Ikiwa Mola amepitisha hifadhi yake katika sababu, mja ana hoja gani ya kuziacha? Mume na ampeleke mkewe hospitali usiku ule ule, kisha amtegemee Mola wake. Kukaa kitako ni uzembe uliovikwa kanzu ya dini. Wallahu aalam.