Kicheko Kina Deni



Kila tukikutana watu wa pwani hapa Dubai, sinia la biriani likishaondolewa na kahawa ikiletwa, hakukosi mtu wa kuuliza, "Mnamkumbuka Ondiek Nyuka Kwota?" Basi habari za kodi ya nyumba na ada za shule hukatika hapo hapo. Huyu ataigiza mshtakiwa, yule hakimu, na watoto wetu waliozaliwa huku hututazama kama watu waliopagawa. Mimi ni mpenzi wa televisheni tangu utotoni, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kwa miaka mingi nimebeba swali moja lililotokana na mapenzi hayo, na leo naomba niliweke mbele yenu: ni lini kumcheka mtu kwa namna anavyosema ni halali, na ni lini ni kumdhulumu?

Nilikulia Mombasa, siku za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Televisheni ilikuwa kwa jirani, nasi watoto tulikaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti. Vipindi vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni Vioja Mahakamani. Hakimu juu, mwendesha mashtaka upande, na kizimbani anasimama Ondiek, au Makokha, au Masanduku arap Simiti, kila mmoja na Kiswahili chenye harufu ya kwao. Sisi wa pwani, tuliojiona ndio wenye lugha, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Cha pili kilitoka Uingereza, Mind Your Language, kilichotengenezwa London kuanzia mwaka 1977. Mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza darasa la jioni la wageni: Ranjeet Singh wa India, Ali Nadim wa Pakistani, Mtaliano, Mhispania, Mchina, Mjapani. Kila neno wanaligeuza likawa jingine. Tulikariri makosa yao tukaenda nayo shule. Hakuna hata mmoja wetu pale mkekani aliyefikiri kwamba lile darasa lina kiti kinachomngoja.

Changu nilikikuta mwaka 1991, nilipokwenda kusomea uhandisi wa mitambo kaskazini mwa Uingereza. Wenzangu walipenda kuniambia nihesabu moja, mbili, tatu kwa Kiingereza, ili nifike kwenye tatu na kusema "mti". Walicheka, nami nikacheka nao. Nilicheka kila mara kwa miaka mitatu. Ila kwenye mihadhara sikuuliza swali hata moja kwa sauti. Nilikuwa nangoja darasa limalizike, nimfuate mwalimu ofisini mwake. Wakati ule nilijiambia ni adabu.

Ungetaraji mtu aliyepitia hayo awe amejifunza. Sikujifunza. Mwaka 2007, Dubai ikiwa imejaa winchi za ujenzi kila upande utazamapo, nilikuwa mhandisi wa mitambo ya ubaridi kwenye jengo moja refu. Chini yangu alikuwako fundi mkuu wa mabomba, mtu wa Kerala, mzoefu kuliko mimi. Kazi yake haikuwa na dosari, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha mbio, maneno yamepandana. Nami nina kipaji cha kuiga sauti, kipaji nilichokinoa kwa Ondiek na Ranjeet. Saa za chakula nilimwigiza akiita kwenye redio ya mkononi. Kibanda kizima kilicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Ilikuwa ndiyo burudani yetu ya mchana.

Siku moja tulikuwa tukipima mabomba ya maji baridi. Mabomba hayo hujazwa maji na kusukumwa kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kazi, kisha watu hukaa wakitazama geji. Sindano ikishuka, pana mahali panavuja. Yeye alikuwa ghorofa ya juu. Sindano ikaanza kushuka, na akapaona panapovuja: kiungo kilichokuwa juu kidogo ya chumba cha umeme. Redio ilikuwa kiunoni mwake. Hakuibonyeza. Alishuka ngazi ghorofa tisa kwa miguu, maana lifti zilikuwa bado hazijafungwa, akaja kuniambia ana kwa ana. Tulipofunga pampu maji yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye makabati ya umeme, na umeme ulikuwamo. Mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi humo walikuwa wametoka kwenda kuswali adhuhuri. Hilo tu ndilo lililotuokoa.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakuita. Sitaiga alivyosema, nitawaambia alichosema. Alisema kwamba redio inasikika na watu wote, na akiita kwa haraka sauti yake huwa mbaya zaidi, na kesho yake angeisikia tena kibandani kutoka kinywani mwangu.

Ndugu zangu, nilikosa la kujibu. Niliona ghafla kijana mmoja akingoja nje ya ofisi ya mwalimu, kaskazini mwa Uingereza, na daftari mkononi. Kicheko chake yule fundi nilikuwa nimekihesabu kuwa ni ridhaa. Mimi, miongoni mwa watu wote, nilipaswa kujua kwamba anayechekwa hucheka ili apate kubaki na wenzake.

Basi je, tuseme kila kicheko cha namna hii ni haramu? Wapo waliojibu hivyo. Mind Your Language kilisimamishwa mwaka 1979 na Michael Grade, aliyekuwa mkubwa wa vipindi pale London Weekend Television, kwa kuona kinawadhalilisha wageni. Namheshimu kwa hilo, lakini halinitoshi. Wageni wenyewe, Afrika na Asia, tuliendelea kukipenda kwa miaka na miaka, na sidhani sote tulikuwa wajinga. Tena mtu akiniambia nisimcheke Ondiek, atakuwa ameninyang'anya nusu ya utoto wangu.

Jawabu lililonisaidia lilitoka kwa mzee mmoja wa Tanga, jirani yangu Deira, tulipokuwa tukizungumza juu ya utani wa makabila ya kwao, kama ule wa Wapare na Wachaga, au wa Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani, alisema, atakutukana mchana kweupe, atakuchukulia kitu chako, na huruhusiwi kukasirika. Lakini kesho utamrudishia yeye. Na siku ya msiba, mtani ana kazi zake msibani. Yule yule anayekucheka ndiye anayekuja kukuhudumia. "Anayecheka na hana kazi matangani," alisema yule mzee, "huyo si mtani, huyo ni mtazamaji."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa mtazamaji ndilo jina langu tangu mkekani. Kwa kipimo hicho nilivirudia vipindi vyangu. Ondiek anachekwa, kweli, lakini ana zamu. Anamjibu hakimu, anamchanganya mwendesha mashtaka, na mara nyingi sheria yenyewe na Kiswahili chake cha makaratasi ndivyo vinavyoonekana vichekesho. Katika Mind Your Language zamu hiyo ipo, ila ni finyu, kwani mwenye kujua kilicho sahihi ni mwalimu peke yake. Na mwaka ule wa 2006, Ramadhani, sisi tuishio hapa tulipata Freej, katuni ya Mohammed Saeed Harib: bibi wanne wa Dubai, barakoa usoni, wakikaa katika mtaa wa zamani huku mji ukiota minara kuwazunguka. Um Khammas na ukali wake, Um Saloom na usahaulifu wake. Wanachekesha mno, lakini anayewachekesha watu ni mjukuu wao. Katika mji ambamo wenyeji ni wachache kuliko wageni, kicheko kile kilikuwa ni kuwashika bibi wale mkono wasije wakapotea.

Mimi kwa yule fundi sikuwa na utani wala ujukuu. Yeye hakuwa na ruhusa ya kunirudishia, kwa kuwa mimi ndiye niliyetia saini karatasi zake za kazi.

Kosa nililifanya hadharani, kwa hiyo nililitubia hadharani. Siku ya pili saa ya chakula nilisimama kibandani nikaeleza kilichotokea na kwa sababu ya nani. Kisha nikamwambia, mbele ya wote, kwamba sasa ni zamu yake kuniigiza mimi. Alikataa. Nikangoja. Mwishowe akainuka, akavaa kofia yangu ngumu, akatembea kama ninavyotembea, kifua mbele, akasema "mti" badala ya "tatu". Sikuwahi kumsimulia habari ya Uingereza. Alikuwa amelisikia mwenyewe, siku zote, akanyamaza.

Kibanda kilivunjika kwa kicheko. Nami nilicheka, na iliniuma, na sikusema kwamba iliniuma.

Yule fundi alirudi kwao Kerala mwaka 2011. Kabla ya hapo aliita kwenye redio mara nyingi, na sauti yake ilikuwa ile ile. Vioja Mahakamani bado navitazama, siku hizi kwenye simu, na bado nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ila naomba, ndugu wasomaji, tutakapokutana tena na kahawa ikaletwa, kabla hatujaanza kuwaigiza walinzi wa majengo yetu, wauza duka na madereva wa teksi, tuulizane kwanza: huyu tunayemcheka, akifiwa leo, nani kati yetu atakwenda?