Je, kunyamaza ni kupona?

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walipiga bunduki katika soko letu la Nyangwe. Mamia walikufa kwa risasi ao kwa kuzama katika Lualaba, wengi wao akina mama. Livingstone, mgeni aliyeona tu, alishindwa kubaki, akarudi Ujiji.

Basi juu ya nini mama aliyepita katika vita ya 1998, anayeshituka mlango ukigongwa, tunamwita mwoga? «Jikaze, usahau!» Lakini mufiwa hatumwambii hivyo. Kwenye kilio tunalala naye chini, akitaka kusema tunasikiliza, akinyamaza tunakaa. Mwenye kidonda cha moyo naye anastahili mkeka ule. Na usingizi ukikataa siku nyingi, tumsindikize hospitali. Kumwacha peke yake si heshima.