Wassa na Warithi Wake

Kilichobaki cha Wassa ni jina tu. Kaskazini ya Uingereza, si mbali na mto Wear, yalikuwako makazi ambayo kwa Kiingereza cha kale yaliitwa ya watu wa Wassa, na ndiyo Washington. Katika karne ya 12, bwana mmoja, William wa Hertburn, alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham, akahamia huko. Jina la Hertburn akalivua kama joho, akavaa la mahali papya. Wenye nisba za Barawa na Shirazi hawatalistaajabia hilo, ila nisba hizo hutaja mtu alikotoka, naye William alijiita kwa alikofika.

Mjukuu wa mbali, John, alivuka bahari hadi Virginia katikati ya karne ya 17. Kitukuu chake ni George, rais wa kwanza wa Marekani. Alipofariki mwaka 1799, shambani kwake Mount Vernon walikuwako watumwa zaidi ya 300.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu wapatao 163,000 wenye jina hilo la ukoo. Asilimia 90 yao ni weusi. Haifai kudhani kwamba wote ni uzao wa watumwa wa George, kwani wengi wa walioachwa huru walijichagulia majina wenyewe.

Je, ni aibu kubeba jina la mwenye kumiliki watu? Malcolm Little aliona hivyo: alilikataa jina la ukoo kuwa ni la bwana, akaweka X mahali pa lile lililoporwa. Heshima yake haipingiki. Lakini hoja hiyo, ikielekezwa kwa Washington, humpa George milki asiyokuwa nayo. Jina halikuwa lake. Mzee wake alilipata pamoja na ardhi, kwa kubadilishana, nalo lilikuwa la Wassa. Aliyelipata hivyo hana haki kumshinda aliyelitwaa kwa kinywa chake.

Na wa namna hiyo yuko. Booker alizaliwa utumwani, Virginia, mwaka 1856. Siku alipoanza shule alisikia wenzake wakiitwa majina mawili mawili, naye analo moja tu. Zamu yake ilipofika akamwambia mwalimu, kwa utulivu, kwamba yeye ni Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Baadaye akapata habari kwamba mama yake alikuwa amempa na jina la Taliaferro, akalirudisha, akaliweka katikati.