Udongo, Mate na Macho ya Watoto



Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana twasoma jinsi Bwana Yesu alivyotema mate chini, akafanya tope, akampaka macho mtu aliyezaliwa kipofu. Hapa Nguvumali tumesikia habari hiyo ikitolewa kuwa hoja: ikiwa Bwana alitumia tope, basi nasi tumtie mtoto mwenye jicho jekundu maji ya majani, au mate ya bibi.

Sivyo, ndugu zetu. Aliyempaka mtu yule ndiye aliyemwumba. Tena hakumwacha na tope machoni, alimtuma akanawe.

Jicho la mtoto likiwaka, kioo chake cha mbele huweza kupata kidonda, nacho kikipona huacha chamba cheupe kisichopitisha nuru. Mwaka 1987 ilichapishwa taarifa ya watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda hivyo. Katika kila 100, vidonda 37 vilifuata surua. Na dawa za kienyeji zilikuwamo miongoni mwa visababishi. Kwa hiyo chanjo ya surua, ya miezi 9 na ile ya miezi 18, hulinda macho pia.

Uko na uvimbe wa ndani, ambao huwapata hasa watoto wenye ugonjwa wa viungo. Huu ni mwizi. Jicho laweza kubaki jeupe, bila maumivu, na nuru ikapotea. Mtoto hasemi, maana hajui kwamba wenziwe waona zaidi yake. Walimu tu ndio humwona akinakili kwa jirani, kisha (twawajua walimu wenzetu) humwita mvivu.

Matone ya steroidi huokoa jicho la namna hiyo, daktari akiyasimamia. Yakinunuliwa dukani kwa mazoea, wekundu hutoka, mama hufurahi, na huku presha ya macho au mtoto wa jicho vyaweza kuingia.

Wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yule mtu au wazazi wake. Akajibu kwamba si yeye wala wao. Sisi bado twauliza nani kamroga, na siku tatu nne zapita. Bombo si mbali. Mtoto apelekwe siku ile ile.

Na yule ambaye nuru imekwisha kumtoka asifungiwe chumbani. Shule ya Irente, kule Lushoto, hufundisha watoto wasioona.